Makaa Yaliyowasha Taa

Mwaka wa 1955 nilikuwa nimechoka na mgodi. Nilikuwa nimechimba makaa ya mawe kando ya mto Lukuga kwa miezi kumi na minne, kifua kikaanza kupiga filimbi, nikasema basi. Nikashuka Albertville, mji tunaouita leo Kalemie, na juma lile lile nikapata kazi kwa Papa Ramazani, fundi wa vioo. Kazi yenyewe ilikuwa kubeba. Yeye anakata, mimi nabeba. Yeye anapaka mastiki, ule udongo wa kushikiza kioo, mimi nashikilia. Nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na nane, lakini aliniita "wewe Mwamba" kwa sauti ile ile aliyomwitia mbuzi wake.

Wamisionari walikuwa wamejenga madarasa mapya kule cité, mtaa wa Waafrika, yenye madirisha makubwa, na vioo vyote tulipewa sisi. Ndivyo nilivyomjua Mwalimu Déogratias. Alifundisha mwaka wa tano, na darasa lake ndilo tulilokuwa tukilifanyia kazi. Kijana mwembamba wa Kongolo, mpole, anayeongea huku akifuta vidole vya chaki kwenye suruali. Hakuwa amemaliza masomo ya ualimu. Baba yake alikufa yeye akiwa mwaka wa tatu, akaacha. Kwa hiyo alikuwa mwalimu wa kuziba pengo, leo yupo, kesho hajui. Na sasa barua ilikuwa imekuja: Alhamisi Padri inspekteri, mkaguzi wa shule, atakaa nyuma ya darasa amsikilize. Akimkubali, atabaki, na nyumba ya mwalimu itakuwa yake. Akimkataa, atapanda treni ya Kabalo arudi kwao, na mke wake Cécile alikuwa na mimba ya miezi minane.

Barua ilitaja na somo: makala. Kwetu makala ni makaa, ya kuni na ya mawe pia. Na lilikuwa lile somo walilokuwa wakiliita somo la vitu. Sheria yake ilikuwa moja: kila kitu unachokitaja lazima kiwe mezani, watoto wakione na kukishika. Ukitaja yai, lete yai. Kitu kisipokuwepo, inspekteri anapiga mstari, umekosa.

"Makala, ni rahisi," nilimwambia siku ya Jumatatu, nikiwa nimeshikilia kioo dirishani. "Nenda sokoni, nunua gunia, mwaga mezani, maliza."

"Hapana, Papa Mwamba. Hiyo ni ya mwaka wa kwanza." Akachomoa daftari la zamani, karatasi zimekuwa njano. "Tazama. Niliandika hii nikiwa Kongolo. Makala ya kuni, makala ya mawe, masizi ya chungu, ile nyeusi ya ndani ya kalamu ya risasi, na diama. Vyote vimetoka kwa kitu kimoja, jina lake kaboni. Nikiweza kuonyesha hivyo vitano mezani, Padri ataona kwamba nafaa."

Papa Ramazani alikuwa juu ya ngazi. Alisikia neno moja tu.

"Umesema diama? Almasi?"

"Ndiyo, Papa. Na kweli nilikuwa natafuta namna ya kukuomba. Ile kalamu yako ya kukatia kioo, iko na almasi kwenye ncha. Nikopeshe Alhamisi, saa moja tu."

Mzee akashuka. Aliikanyaga kila ngazi taratibu ili tumsubiri. Babu yake alikuja na biashara kutoka Ujiji, na yeye mwenyewe alinunua ile kalamu Kigoma kwa Mhindi mmoja zaidi ya miaka ishirini nyuma. Aliibeba ndani ya kitambaa cha hariri, kwenye mfuko wa kanzu, upande wa moyo. Wateja aliwaambia kwamba jiwe lile liliangushwa na radi.

"Na hii," akasema akigonga mfuko, "unataka kuiweka karibu na masizi ya chungu?"

"Ni ndugu, Papa. Diama njo makala, ni makala yenyewe."

"Njo makala!" Akanigeukia. "Wewe Mwamba, umesikia? Miaka yote hii nakata vioo vya watu kwa makala! Kesho nitapikia wali."

"Papa, daftari linasema..."

"Daftari lako lilichoka ukiwa mwaka wa tatu." Neno lile lilimwingia kijana, nikaona. Mzee naye aliona, akapunguza sauti, lakini hakurudi nyuma. "Sikiliza, mwanangu. Sikukopeshi. Nitakuja mwenyewe. Nitakaa mbele na kitu changu mkononi. Ukitaka kikate kioo, kitakata. Lakini ukisema mbele ya Padri kwamba ni makala, uonyeshe. Usipoonyesha, nitasimama niseme mwalimu huyu anadanganya watoto."

Akapanda ngazi tena, akaanza kuimba.

Jioni ile Déogratias alinikaribisha kwake. Cécile alikuwa akisonga ugali, kiti amekisogeza mbali na jiko kwa sababu ya tumbo. Aliniuliza moja kwa moja:

"Papa Mwamba, yule mzee atasimama kweli?"

"Atasimama. Hata msikitini anasimama kumsahihisha mwadhini."

"Basi mume wangu aache hiyo diama. Vitu vinne vinatosha."

"Mama Cécile, nikiacha nimekubali kwamba sijui," Déogratias akasema.

"Ukiachishwa kazi utakuwa umejua nini?"

Mimi nikaingilia. Nikasema jambo nililoliona nilipokuwa Manono, maana nimepita pia Manono. Fundi wa umeme kule alikuwa akivunja mawe ya tochi, yaani betri, yaliyokufa, anatoa ule mti mweusi wa katikati, anausugua, anautia ndani ya mashine, na umeme unapita. "Ule mti si chuma," nilisema. "Unachafua mikono sawasawa na kreyo, ile kalamu ya risasi."

Kijana akaruka. Alikuwa hajafikiria. Tukavunja jiwe moja la tochi pale pale, tukatoa mti wake. Tukatafuta waya na ampuli ndogo, balbu ya tochi, tukaunga na mawe mawili mazima. Waya ukigusa ncha mbili za ule mti, ampuli inawaka kabisa. Kreyo iliyochongwa pande mbili: inawaka kidogo. Jiwe la makaa nililokuja nalo toka mgodini: hakuna. Masizi: hakuna. Kipande cha makaa kutoka jiko la Cécile: hakuna.

"Njo hii!" Déogratias akasema. "Kaboni ni chembe ndogo, na kila chembe iko na mikono minne. Katika kreyo zinashikana kwa mikono mitatu, zinalala kama karatasi juu ya karatasi. Mkono wa nne uko huru, unapokea umeme na kumpa jirani. Karatasi zinateleza, ndiyo maana kreyo inaandika: inaacha karatasi zake juu ya karatasi yetu. Katika diama mikono yote minne imeshikwa, hakuna anayesogea, ndiyo maana inakata kioo na umeme haupiti. Katika makala ya kuni zimesimama ovyo kama watu sokoni, umeme unapotea njia. Kitu ni kile kile. Kusimama njo tofauti."

"Na mzee ataona hiyo mikono kwa macho gani?" Cécile akauliza.

"Ataona ampuli."

Basi tukalala na hilo. Jumatano alirudia somo mbele ya mkewe mara tatu, akaandika yote kwenye karatasi ya kutayarisha somo, dakika kwa dakika: hapa ampuli itawaka, hapa haitawaka.

Sasa nieleze kosa langu. Alhamisi asubuhi alinipa kapu la vitu nilipeleke darasani, nikatazama kile kipande cha makaa ya jikoni. Kilikuwa kidogo, kimepasuka, kinamwaga unga. Niliona aibu. Mama zetu wa huku kando ya ziwa Tanganyika wakinunua makaa hawanunui kwa macho. Wanaangusha kipande juu ya jiwe na kusikiliza. Kikilia kama chuma, hicho kimeiva, kitadumu. Kikisema pu, wanakutupia. Mimi niliangusha kile cha Cécile, kikasema pu. Nikafikiri: Padri atatazama, na makaa yenyewe ni haya? Njiani palikuwa na kiwanda cha Maliki mhunzi, anayefua majembe. Pembeni ya tanuru lake palikuwa na mabaki ya juzi, yamepoa na kukauka. Nikaangusha kimoja, kikalia ngi! Cheusi, kinang'aa, kizuri. Nikakitia kapuni. Kile cha jikoni nikakiacha chini kabisa, wala sikumwambia mtu.

Saa mbili darasa lilijaa. Padri inspekteri alikaa nyuma, mzee wa ndevu nyeupe, saa yake ameiweka juu ya dawati. Mbele kabisa, kwenye kibao cha kukalia watoto, magoti yamefika karibu na kidevu, alikaa Papa Ramazani na kanzu safi. Mimi nilikuwa nje ya dirisha moja ambalo bado halikuwa na kioo. Eti natengeneza mastiki.

Somo lilianza vizuri. Watoto walishika, walinusa, walichafuka. Mmoja alijipaka masizi kidevuni kama ndevu, wenzake wakamwita padri mdogo, na Padri mkubwa kule nyuma akacheka. Kisha Déogratias akamwomba mzee akate. Papa Ramazani alifungua hariri kwa taratibu, akapitisha ncha juu ya kipande cha kioo, krrr, akagonga, kikagawanyika sawa kama biskuti. Watoto wakapiga makofi. Mzee akainama kidogo, halafu akasema wazi, Padri asikie:

"Mwalimu, waambie sasa kwamba hii ni makala."

"Ni ndugu ya makala, Papa. Subiri."

Akachukua mti wa jiwe la tochi. Ampuli ikawaka. Kreyo: ikawaka kidogo. Makaa ya mawe: hakuna. "Na makala ya kuni," akasema kwa sauti kubwa, karatasi yake mkononi, "umeme haupiti. Tazameni."

Akagusisha waya. Ampuli ikawaka.

Haikuwaka sana. Ilikuwa nyekundu, kama sigara ya mtu gizani. Lakini iliwaka, na watoto arobaini na wawili waliiona.

"Imewaka, Mwalimu!"

Akaondoa waya, akagusisha tena. Ikawaka tena. Nyuma nikasikia kalamu ya Padri ikianza kuandika. Papa Ramazani akasimama. Ilimchukua muda kutoa magoti yake chini ya dawati.

"Padri," akasema, "mimi sikusoma. Lakini mwalimu amesema haiwaki, na inawaka. Basi hata yale mengine..."

"Papa, kaa kwanza," Déogratias akasema.

Niliona shingo yake. Jasho lilikuwa likishuka ndani ya kola. Kwenye meza alikuwa na karatasi iliyosema dakika ya ishirini na tano ampuli haitawaka, na Padri alikuwa na nakala yake. Angeweza kuficha kile kipande, aseme waya umegusana, apite mbele. Nimefanya kazi na mafundi wengi, wengi wangepita mbele. Yeye alikiinua kile kipande mbele ya macho, akakigonga kwa ukucha. Ngi.

"Hii makala si yangu," akasema. "Nani anajua ilikotoka?"

Watoto wakatazamana. Mimi mkononi na donge la mastiki. Nakwambia, nilitamani kurudi mgodini. Lakini niliona Cécile na tumbo lake kwenye treni ya Kabalo, nikaweka kichwa dirishani.

"Ni mimi, Mwalimu. Nimeitoa kwa Maliki mhunzi, ndani ya tanuru. Ya jikoni ilikuwa mbaya, ilisema pu. Iko chini ya kapu."

"Wewe Mwamba!" Papa Ramazani akanipigia kelele. Watoto wakaangua kicheko.

Déogratias hakucheka. Alichimba kapuni, akatoa kile cha jikoni, akakigusisha waya. Hakuna. Cha mhunzi: nyekundu. Cha jikoni: hakuna. Alirudia mara nne, na kila mara nikaona mabega yake yakishuka kidogo kutoka masikioni. Kisha akaiacha karatasi yake juu ya meza, akawauliza watoto:

"Hivi viwili vimetoka mti gani?"

"Mti tu, Mwalimu. Yote ni kuni."

"Nini kiko tofauti?"

Msichana mmoja wa kibao cha pili, Henriette, akasema, "Moto, Mwalimu. Kwa mhunzi moto ni mukali. Wanapuliza."

"Moto mukali umefanya nini?" Aliuliza kama mtu asiyejua, na mimi naamini wakati ule alikuwa hajui. Alikuwa akitafuta pamoja nao. "Haukuongeza kitu ndani. Hakuna aliyeweka chuma. Basi... njooni hapa. Kumi na wawili, njooni mbele."

Akawasimamisha ovyo kama watu sokoni, mmoja anatazama huku, mwingine kule, akampa wa kwanza chaki. "Pitisha chaki mpaka mwisho bila kutembea." Chaki ilianguka kwa mtu wa tatu. Akapiga makofi: "Mimi njo mivukuto ya Maliki! Moto! Moto! Sogeeni, jipangeni!" Wakasogea huku wakipiga kelele, wengine wakapata mstari, wengine bado wamegeuka upande. Chaki ikapita, kwa shida, ikafika. "Hiyo ni ya mhunzi. Imeanza kujipanga." Akawanyoosha sawa, safu mbili, na chaki ikapita mbio. "Hiyo ni kreyo." Kisha akamwambia mmoja wa wale kumi na wawili, Adalbert, alale juu ya meza, akaita wanne, kila mmoja ashike mkono au mguu wake kwa mikono yote miwili. "Pokea chaki!"

"Siwezi, Mwalimu! Wamenishika!"

"Umeteleza?"

"Hata kidogo! Wananiumiza!"

"Huyo njo diama," Déogratias akasema. "Na ni Adalbert yule yule aliyekuwa sokoni sasa hivi."

Kelele ilikuwa kubwa hata darasa la jirani wakaja kuchungulia. Papa Ramazani alikuwa bado amesimama. Alimtazama yule mtoto juu ya meza, akafungua hariri yake, akatazama ncha ya kalamu, akatazama tena mtoto.

"Kwa hiyo ukimfungua mikono," akasema polepole, "anarudi kuwa makala."

"Ni vigumu sana kumfungua, Papa. Moto mukali sana, na atakwisha, atakuwa hewa."

"Nani amesema tutamfungua?" Akafunga hariri haraka, akaketi.

Padri alichukua saa yake, akasema neno moja na Déogratias mlangoni, kwa Kifaransa, sikulishika, akaondoka. Somo lilikuwa limezidi kwa dakika kumi na tisa.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Amesema sikufuata karatasi." Akakaa juu ya dawati. "Ni kweli, sikufuata."

Nilimwomba msamaha. Alisema hapana shida, lakini alisema akitazama mlango.

Siku tisa zilipita. Tulimaliza vioo vya darasa lile, tukahamia la pili. Papa Ramazani kila asubuhi alimuuliza Déogratias, "Barua?" na kijana akatikisa kichwa. Siku ya nne mzee aliacha kuimba kazini. Siku ya saba aliniambia, kama mtu anayezungumza na ukuta, kwamba asingesimama kama angejua ya mhunzi. "Ungeniambia, wewe Mwamba." Nikamwambia, "Na wewe ungekaa, Papa." Tukainua kioo kingine.

Barua ilifika Jumamosi, na aliyeileta alitukuta wote nyumbani kwa Déogratias, maana tulikuwa tumekuja kuweka kioo kwenye dirisha lao lililokuwa na ubao tu. Mzee alikikata kutoka mabaki ya vioo vyake, akasema ni ya kutupa. Hayakuwa ya kutupa. Ndani ya nyumba niliona jambo ambalo sikulijua: Cécile alikuwa amekwisha kufunga vyombo. Sahani, sufuria, mashuka, yote ndani ya sanduku na kamba juu yake.

Déogratias aliigeuza bahasha mara mbili bila kuifungua. Cécile akaichukua, akaipasua, akasoma kimya mpaka chini, kisha akaanza tena toka juu, kwa sauti, akitafsiri kwa ajili yetu. Mwalimu hakufuata matayarisho yake. Darasa lilikuwa na makelele kupita kiasi. Somo lilizidi wakati. Papa Ramazani akasema, "Lete hapa hiyo karatasi," Cécile akamwonya kwa kidole, akaendelea kusoma. Mwalimu alipokutana na jambo asilolitegemea, alilichunguza mbele ya wanafunzi, na wanafunzi wakaelewa. Anabaki mwaka mmoja mwingine, na nyumba. Kila likizo kubwa aende Kongolo amalize masomo yake ya ualimu, kisha atasikilizwa upya.

"Mwaka mmoja," Déogratias akasema. Hakujua kama afurahi. "Halafu tena atakuja kukaa nyuma."

"Mwaka mmoja mutoto atakuwa amezaliwa, amekaa, anatembea kwa kushika ukuta," Cécile akasema. "Mimi hiyo inanitosha. Papa Mwamba, nisaidie na hii kamba, aliyeifunga si wewe lakini nguvu unazo."

Fundo lilikuwa gumu. Mzee alitaka kulikata, Cécile akakataa, kamba ilikuwa nzima bado. Nikalifungua kwa meno. Cécile alitoa sufuria kwanza, akamtuma mumewe akawashe jiko, tukala pale, wanne, dirisha likiwa halijakauka mastiki.